Mbolea yangu yaishia bondeni

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nalima kabichi mteremkoni huku Lushoto. Nimetia mifuko miwili ya mbolea, vichwa bado kama ngumi. Jirani wa bondeni hatii kitu, na vyake vyashinda ndoo! Nimekosea wapi?
Mkulima, Soni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jirani anakula mbolea yako. Mvua ndiyo mchukuzi. Chimba makingamaji, yaani mitaro ya kuzuia maji, yakate mteremko, ukipima usawa kwa fremu yenye umbo la herufi A: fito tatu, kamba na jiwe, basi. Kingoni panda majani ya guatemala, ng'ombe apate chake. Mbolea usiirushe. Ifukie kidogo kando ya kila mche, na ya kukuzia igawe mara mbili. Mimi niliwahi kuimwaga yote jioni moja, usiku ikanyesha. Nililia.