Re: 240Z yenye RB25 inazima kwenye kona

Mambo mkuu. Kama nimekupata, umetoa injini yake ya asili L24 kwenye Datsun 240Z ukaweka RB25DET, injini ya Nissan yenye turbo, gari ikisimama inaunguruma poa ila ukikata kona kwa kasi inakosa nguvu inazima. Usiguse kontroli boksi (kompyuta ya injini), anza na mafuta. L24 ni ya kabureta, presha kidogo inaitosha, RB inataka kama bar 3 na zaidi turbo ikisukuma, na lile tenki la zamani mafuta yakikimbilia upande mmoja pampu inavuta hewa. Funga geji ya presha kwenye reli ya nozeli (bomba linalogawia nozeli mafuta), mshale ukidondoka kwenye kona ndo penyewe. Yangu ilitulia nilipoweka kitenki cha kati, pampu ndogo inakijaza, pampu ya presha inanyonya humo, ziada inarudi tenki kubwa. Mshale usipodondoka tupia picha za waya, hapo siwezi kubahatisha.