Maswali yenu kuhusu Biko na mhariri wake

Tangu nisifu Cry Freedom, filamu ya Richard Attenborough ya 1987, simu yangu haijatulia. Haya, twende.

Ni kisa cha kweli? (Kijana wa Kondele)

Cha kweli. Steve Biko, mwanaharakati Mwafrika aliyepinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, anayeigizwa na Denzel Washington, alifia mikononi mwa polisi Pretoria, 12 Septemba 1977. Mhariri wa kichwa chetu ni rafiki yake Mzungu, Donald Woods, wa gazeti la Daily Dispatch huko East London, Afrika Kusini.

Huko "kupigwa marufuku" kulikuwa nini? Mbona wasimfunge tu? (Nyalenda)

Ndugu, ujanja wote uko hapo. Kumfunga mtu kunataka mashtaka na mashahidi. Marufuku ilitaka sahihi ya waziri tu. Biko asitoke King William's Town, asiandike, asinukuliwe gazetini, na asikae na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati. Wakija wageni wawili, mmoja akangoje jikoni. Sasa waone wale wanaoinamia magazeti kwa muuzaji pale Oginga Odinga Street, hawanunui, wanabishana tu, watu saba kwa kichwa kimoja cha habari. Biko kusimama hapo lilikuwa kosa tayari. Oktoba 1977 Woods naye akapigwa marufuku, miaka 5.

Mbona Biko anatutoka katikati, kisha tunamfuata Mzungu akitoroka? (Mama, Kakamega)

Mama, hata mimi nilinung'unika. Filamu imetokana na vitabu vya Woods, basi inamfuata hadi Lesotho akiwa amevaa kama padri. Inasisimua, ila roho yangu ilibaki kaburini kwa Biko. Lakini usiinuke mapema: mwishoni hupita majina ya waliokufa kizuizini, kila moja na sababu iliyotolewa na serikali. Huyu kateleza, yule kajinyonga.

Watoto wa darasa la sita je?

Wangoje. Kuna fulana iliyotiwa unga wa kuchoma ngozi, ikatumwa kwa bintiye Woods mdogo.

Yale ya Butere Girls hapa kwetu yanafanana? (Mwalimu, Nakuru)

Mwalimu, hakuna aliyekufa, kwa hiyo nitapima maneno. Aprili 2025 Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wasichana wa shule hiyo waigize mchezo wao, Echoes of War. Vitoa machozi vikarushwa, wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Ila kabla ya hapo mwandishi wa mchezo huo, Cleophas Malala, alikuwa amezuiwa kukutana nao. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile sheria ya mtu mmoja mmoja.