Wasomaji Wauliza: Wiki ya Filamu Katika Ukumbi Mdogo

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Kondele. Mimi na wenzangu watatu tumekodi ukumbi wa viti 90 hapa Kisumu, ulioezekwa kwa mabati, na tunanuia kuonyesha filamu za Afrika kwa wiki nzima, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, filamu mbili kila jioni. Projekta tunayo na spika tunazo. Filamu zenyewe tumezinunua kihalali, baadhi kwenye diski na baadhi kwenye intaneti. Jirani yetu mwenye banda la mpira anashikilia kwamba mtu aliyenunua kitu kwa pesa zake hahitaji ruhusa ya mwingine ili akitumie. Je, ni kweli? Na mpango wetu una kasoro gani? — Mwenye ukumbi, Kisumu

JIBU: Jirani yako amekosea, ingawa kosa hilo si lake peke yake. Anayenunua diski hununua haki ya kuitazama nyumbani na jamaa zake, ilhali haki ya kuionyesha hadharani hubaki kwa mwenye filamu, awe mtayarishaji au msambazaji. Filamu uliyolipia kwenye intaneti nayo huja na masharti ya namna hiyo hiyo, yale tunayoyakubali sote bila kuyasoma. Wala usikimbilie filamu za zamani ukidhani hazina mwenyewe, kwa maana Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 huilinda filamu kwa miaka 50.

Kwa hivyo anzeni kwa kuandika barua. Mwelezeni mwenye filamu ukumbi uko wapi, una viti vingapi, filamu itaonyeshwa mara ngapi na kiingilio ni shilingi ngapi. Malipo kwa kawaida huwa ya namna mbili: ama kiasi kimoja kinachokubaliwa mapema, ama mgao wa mapato ya mlangoni. Ningekuwa ninyi ningeomba mgao, kwa sababu ukumbi mgeni hauwezi kujua kama viti 90 vitajaa au watakuja watu kumi na wawili, na haifai hasara yote ya usiku mtupu iwaangukie ninyi. Katika barua hiyo hiyo ulizeni filamu italetwa kwa muundo gani. Majumba makubwa hutumia faili maalumu ambazo mara nyingi hufungwa kwa ufunguo wa kidijitali, na ufunguo huo hukubali mtambo mmoja tu kwa muda uliowekwa. Mkitumiwa faili ya aina hiyo, projekta yenu ya kawaida haitaweza kuifungua. Ombeni faili ya kawaida ya video, kisha muijaribu mwanzo hadi mwisho siku mbili kabla, bila kuruka hata dakika moja.

Ruhusa ya mwenye filamu haitoshi. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, filamu haionyeshwi kwa umma kabla ya kuidhinishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, na mwenye kuonyesha naye anahitaji leseni. Msidhani sifa za filamu huko nje zinaweza kuchukua nafasi ya cheti. Filamu iitwayo Rafiki, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu, ndiyo ya kwanza ya Kenya kuingia katika orodha rasmi ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na mwaka huo huo wa 2018 bodi iliipiga marufuku hapa nyumbani. Ilibidi Mahakama Kuu isimamishe marufuku hiyo kwa siku saba ili watu wazima waitazame. Ukiniuliza, nitasema bodi ilikaza kamba kupita kiasi, lakini maoni yangu hayatawasaidia mkifungiwa mlango. Pelekeni maombi wiki kadhaa mapema.

Sasa nije kwenye ratiba, ambako nina ugomvi nanyi. Filamu 14 kwa siku saba ni nyingi mno. Kila moja inahitaji barua yake, malipo yake, cheti chake na bango lake, na baada ya yote hayo itaonekana mara moja na kupotea, wakati habari za filamu nzuri huchukua siku moja au mbili kufika mitaa ya Manyatta au Nyalenda kwa mdomo wa aliyeitazama. Chagueni tano, kila moja ionyeshwe mara mbili au tatu. Tena msianze Jumatatu. Anzeni Alhamisi, ili watakaokuja siku ya kwanza wawaletee wengine Jumamosi, kisha mmalize Jumatano. Jumanne na Jumatano ndizo siku ambazo, msimu wa ligi ya mabingwa wa Ulaya ukiwapo, jirani yenu hujaza banda lake usiku. Siku hizo onyesheni filamu moja tu, mapema, na watu watoke wakiwa na nafasi ya kwenda kutazama mpira wao. Si lazima mshindane naye. Huenda hata akakubali kubandika bango lenu ukutani.

Jambo la mwisho ni hayo mabati. Kisumu mvua hupenda kunyesha alasiri na jioni, na ikishuka juu ya mabati hakuna spika itakayoishinda. Niliwahi kukaa katika ukumbi wa namna hiyo tukitazama midomo ya waigizaji ikisogea kwa robo saa nzima huku hatusikii neno, na aliyeongoza onyesho, kwa aibu, hakusimamisha filamu. Simamisheni. Afadhali zaidi, msiweke wiki yenu kati ya Machi na Mei. Tena, kwa kuwa jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, onyesho la saa kumi na moja litahitaji mapazia mazito madirishani, la sivyo picha itapauka. Mapazia hayo yatapunguza na mwangwi.

SWALI: Ninataka kuwapeleka wanafunzi wangu wa Gredi ya 5 kutazama Supa Modo. Alama za umri kwenye mabango zina maana gani, na je, filamu hiyo inawafaa? — Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu, GE ni ya watu wote, PG huhitaji mwongozo wa mzazi, na 16 na 18 ni umri ambao mtazamaji lazima awe ameufikia. Supa Modo, ya Likarion Wainaina, ina dakika 74, muda ambao mtoto anaweza kuuvumilia bila kuanza kuvuta nywele za mwenzake. Hata hivyo, inamhusu msichana mgonjwa ambaye hatapona, na darasani mwako huenda yumo aliyezika ndugu juzi. Itazame kwanza wewe peke yako. Zingatia pia kwamba wahusika huzungumza Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza, kwa hivyo wanafunzi watahitaji kusoma maandishi yaliyo chini ya picha. Wasiosoma haraka wakae karibu na mtu atakayewanong'onezea.

SWALI: Katika onyesho la filamu za kale zisizo na sauti, watu wote walitembea kama wanaokimbia nyuki. Je, mtambo uliharibika? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Haukuharibika. Kamera nyingi za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, na mara nyingi zilipiga picha 16 hadi 20 kwa sekunde. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, kasi ikawekwa kuwa picha 24. Filamu ya kale ikipitishwa kwa kasi hiyo mpya, mwendo wa saa nzima humalizika kwa dakika 40 au 50. Zipo nakala zilizorekebishwa ambamo watu hutembea kama kawaida, na mwenye ukumbi anaweza kuziomba anapoagiza filamu.