Lebo imempelekea nani nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa mitandao, niko Morogoro. Ninawaandikia vijana ninaowafundisha mwongozo kuhusu mitandao inayoongozwa na programu. Humo data husafiri kwa vipande viitwavyo pakiti, swichi ndizo vifaa vya kuzipitisha, na lebo ni namba inayowekwa kwenye pakiti. Nimeandika hivi: "Lebo inapelekea swichi kuituma pakiti kwenye poti sahihi." Mwenzangu anasema lebo si Kiswahili, niandike "kutagi pakiti". Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Marhaba. Mwenzako amekosea, na wewe umekosea zaidi, ila si pale mnapogombania.

La lebo nilimalize haraka. Ni neno la Kiingereza, kama pakiti na swichi. Alama nayo ililetwa na Waarabu na chapa ikatoka Bara Hindi, na hakuna anayewadai pasipoti. Kutagi waachieni wanaotagiana picha za harusi. Ukiteleza irabu moja tu, swichi yako imetaga. Andika "kubandika lebo", kwa sababu kinachobandikwa hubanduliwa, na hiyo ndiyo kazi yenyewe: swichi ya mwanzo inabandika, za katikati zinasoma, ya mwisho inabandua kabla ya kuikabidhi pakiti kwa kompyuta. Kinyume cha kutagi ni nini? Nami nasubiri kuambiwa. Kifurushi ningekipenda kuliko pakiti, lakini kampuni za simu zimeshakitwaa. Mwambie Mtanzania kifurushi chake kimepotea njiani uone kama hataangalia salio.

Sasa tuje kwenye hiyo "inapelekea" uliyoipitisha kimyakimya, ukidhani sitaiona.

Peleka ni kitenzi cha heshima zake. Ukikitia kauli ya kutendea kinakuwa pelekea, na hapo lazima awepo wa kupokea. Mpelekee bibi chai. Bibi yupo, chai ipo, na mtoto wa kutumwa yupo. Haya, chukua sentensi ninayoisikia kila masika: "Mvua kubwa zimepelekea mafuriko." Nauliza kama mtu mwenye akili timamu: zimeyapelekea nini? Kwa sarufi tuliyorithi, mafuriko hapo ndiye bibi. Amekaa barazani, miguu ndani ya maji, anasubiri chai yake. Mvua zimefika, zimebisha hodi, mikono mitupu. Siku ya pili tunasoma kwamba mafuriko nayo "yamepelekea" barabara kukatika, kwa hiyo bibi naye amekuwa mjumbe na barabara ndiyo inayosubiri chai. Mpaka habari iishe, kila mtu ametumwa na hakuna aliyepokea kitu. Na kusababisha yupo! Kuleta yupo, kufanya yupo. "Mvua imeleta mafuriko": maneno matatu, na bibi ameachwa apumzike.

Katika fani yako kosa hili ni baya maradufu, kwa kuwa kupeleka ndiyo kazi ya swichi. Msomaji akikuta "lebo inapelekea swichi", atatafuta ni kitu gani swichi imeletewa. Na usikimbilie kuandika "lebo inasababisha", maana hilo nalo si kweli. Lebo haimlazimishi mtu. Juzi nilikwenda stendi kutuma boksi Mbeya. Karani akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika MBEYA ubavuni, akalisukuma. Mpakiaji hakuuliza ndani mna nini wala mtumaji ni nani. Alisoma neno moja akalitupia kwenye buti la kushoto, chini ya magunia ya mchele. Mwandiko haukulirusha boksi. Alilirusha yule kijana, kwa sababu asubuhi aliambiwa mizigo ya Mbeya inakaa kushoto.

Swichi zako ni vijana wa namna hiyo, na anayewapa maelekezo ya asubuhi ni kidhibiti, yaani ile programu inayoongoza mtandao. Lebo ya VLAN, yaani ya kugawa mtandao mmoja kuwa mitandao midogo, ina baiti 4, na humo ni biti 12 tu zinazobeba namba. Ukitoa mbili zilizotengwa, zinabaki 4,094. Ya MPLS, yaani utaratibu wa kupitisha pakiti kwa kusoma lebo badala ya anwani, ina biti 20, yaani namba zinapita milioni. Haziamui chochote. Swichi huisoma namba, huitafuta kwenye jedwali la kanuni, kisha hufanya ilivyoagizwa. Faida yake utaiona pale kifaa cha katikati kinapobadilisha anwani ya mtumaji: swichi inayofuata haijui tena pakiti ilitoka kwa nani, lakini lebo ikiwa bado ipo, na kanuni ipo, safari inaendelea.

Kwa hiyo andika: "Swichi huisoma lebo ili ijue poti ya kuipitishia pakiti." Umeiona -pitishia? Kauli ileile ya kutendea, imekaa mahali pake, haimsumbui mtu.

Na kama pelekea umeipenda sana, nakupa nafasi moja, halali kabisa. Katika OpenFlow, lugha ambayo kidhibiti na swichi huzungumza, iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2008, swichi inaweza kuagizwa hivi: ukikutana na pakiti isiyolingana na kanuni yoyote, kipelekee kidhibiti, kiamue chenyewe. Hapo sina neno. Mpelekaji yupo, mpokeaji yupo, na mzigo upo mkononi.

Nimeandika haya redio ikiwa wazi. Sasa hivi mtangazaji amesema ukungu umepelekea ajali. Zamani ningeizima, siku hizi napunguza sauti tu.