Jina la Kibera na ile hesabu ya milioni

Ndugu unayeuliza kama jina la Kibera, yale makazi ya mabanda jijini Nairobi, ni neno la Kiswahili na kama kweli ina watu milioni moja: hapana, kwa yote mawili. Jina limetoka kwa Kinubi, kibra, yaani msitu. Wanubi walikuwa askari wenye asili ya Sudan katika jeshi la King's African Rifles, na serikali ya kikoloni iliwaweka pale mwanzoni mwa karne ya 20 bila kuwapa hatimiliki. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Nyumba ni yako, ardhi ni ya serikali. Sasa nani atajenga kwa mawe akijua kesho anaweza kubomolewa? Ndiyo sababu udongo na mabati. Hati ya ekari 288 Wanubi waliipata 2017, wajukuu wakiwa tayari wazee.

Milioni nayo? Sensa ya 2009 ilihesabu takriban 170,000. Watu walibisha sana, lakini mimi naona hata hao ni wengi mno kwa eneo dogo vile.

Halafu si mtaa mmoja, ni vijiji: Makina, Lindi, Laini Saba, Gatwekera, Silanga, Kisumu Ndogo (hilo la mwisho halihitaji mfasiri). Reli ya kwenda Kisumu inakata katikati, na wachuuzi hupanga bidhaa kando yake. Ukitaka kusikia Kinubi chenyewe, pitia Makina.