Rangi ya Mtoto Mdogo Ipikwe Jikoni

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ukimpa rangi ya kuchezea kwa vidole, ataionja kwanza. Ndiyo maana hapa kwangu Kisumu rangi ya binti yangu hutoka jikoni: kisichofaa kuingia tumboni hakiingii kwenye bakuli lake.

Msingi wake ni unga wa ngano, ule wa chapati. Wengi huukoroga na maji baridi tu, na hapo sikubaliani nao, kwa kuwa unga mbichi unaweza kubeba vijidudu kama salmonela. Upike. Koroga kikombe kimoja cha unga kwa kikombe cha maji baridi hadi mabonge yaishe, kisha mimina kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka. Punguza moto, endelea kukoroga kama unapika uji, hadi utokote vizuri na harufu ya ubichi iishe. Uache upoe kabisa, maana juu unaweza kuwa baridi huku katikati bado unaunguza.

Rangi zenyewe, za kuchanganya na uji huo, ziko sokoni. Pale Kibuye nanunua manjano ya mizizi, si ya kusagwa. Katika baadhi ya nchi, Bangladesh ikiwemo, manjano ya unga imewahi kukutwa imetiwa kemikali yenye madini ya risasi ili ing'ae, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mizizi hiyo naimenya, naikuna, naichemsha na kuchuja. Mchicha uliopondwa hutoa kijani. Kabichi ya zambarau ikichemshwa hutoa maji ya zambarau, na ukiyadondoshea limau kidogo yanageuka waridi papo hapo. Watoto wakubwa hupenda sana kuona hivyo. Bitiruti ndiyo nyekundu yetu. Mtoto akiilamba sana, mkojo au choo chake kinaweza kuwa chekundu, kwa hiyo mwambie na dada wa kazi mapema asije akashtuka.

Chumvi je? Kuna wanaotia kikombe kizima ili rangi isichache. Tafadhali, usifanye hivyo kwa mtoto huyu mdogo. Chumvi nyingi ni hatari kwake akiimeza, na huwasha palipochubuka. Sabuni ya vyombo, rangi ya kutia mikeka na mabaki ya rangi aliyoacha fundi, vyote viwekwe mbali. Pika kidogo, itumike siku hiyohiyo, kwa sababu kwa joto la huku kesho yake itakuwa imechacha.

Sisi hutoka nje asubuhi, kabla jua halijawa kali. Natandaza maboksi ya dukani yaliyopasuliwa, pini zote nikiwa nimezing'oa. Binti yangu hupiga kiganja ndani ya bakuli, hutazama inavyonata vidoleni, kisha hupaka tumbo lake kabla ya boksi. Mwache. Ila asipakie kwenye ukuta wenye rangi ya zamani inayobambuka, kwani huenda ina risasi.

Karai la kunawia usiliache na maji hata dakika moja bila mtu mzima. Mtoto huzama kwenye maji machache sana. Mkimaliza limwage palepale. Nguo zikibaki na madoa ya manjano baada ya kufuliwa, zianike juani, yatafifia.