Maji yakiisha kwenye riakta, si unazima tu?

Swali la fundi wa mashine za boti, Lamu: Injinia salaam, mimi mashine ikinyonya plastiki yale maji ya nyuma yanakatika, naizima naisubiri ipoe basi. Hiyo ya nyuklia bomba likipasuka kwani haizimiki?

Jibu: Aleikum salaam fundi, hapo umeshika penyewe. Inazimika, tena ndani ya sekunde chache vyuma vya kudhibiti vinaingia katikati ya fueli, ambayo ni uraniamu, na hiyo uraniamu inaacha kupasuka. Ila joto halikatiki. Mabaki ya uraniamu iliyokwisha pasuka yanaendelea kutoa joto yenyewe na hayana swichi, mara tu ukizima bado una kama asilimia 6 ya joto lote, na riakta ya umeme wa megawati 1,000 joto lake ni kama megawati 3,000, kwa hiyo piga hesabu, karibu megawati 200 ziko mle na maji yanamwagika. Linapungua, lakini siku zinapita bado linataka maji. Yakikosekana vyuma vilivyobeba fueli vikipita nyuzi 1,200 vinaungulia kwenye mvuke na kutoa haidrojeni, ndo ilolipua majengo ya Fukushima 2011, sio mlipuko wa bomu la atomiki ule. Na pale bahari ndo iliingia ikazamisha majenereta ya pampu.

Lakini wewe fundi nataka uelewe hii ya kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, Machi 28, 1979. Valvu ya kupunguza presha ilifunguka ikakwama wazi, maji yakatoka zaidi ya saa 2 na watu wako hapo hapo wanaangalia, kwa sababu taa ilionyesha valvu imeamriwa ifunge, haikuonyesha kama imefunga kweli! Kipimo nacho kikawadanganya maji yamejaa, wakazipunguza pampu za dharura zilizokuwa zimejiwasha zenyewe vizuri tu. Karibu nusu ya fueli ikayeyuka. Nyumba ya zege inayofunika riakta ilishika, mionzi iliyotoka ikawa kidogo.

Sasa hapa kwetu tangu Uyombo, kule Kilifi, itajwe kuwa mahali pa kujenga kituo cha nyuklia watu wanauliza kama nyuklia ni salama, mimi naona swali hilo pana mno. Ulizeni umeme ukikatika maji yanaingiaje. Riakta mpya kama AP1000 zina tangi juu, maji yanashuka yenyewe saa 72 bila pampu, na baada ya hapo waseme nani anajaza, kwa mashine gani, na hiyo mashine imekaa mita ngapi juu ya bahari.